Nondo na Isale Lililoliwa

Ndeshi, weka hicho kitambaa chini! Nondo hapigwi nyumbani kwangu. Sogea hapa na wenzako, niwaeleze anachotafuta kwenye taa yetu.

Zamani Nondo alitembea mchana kama kipepeo. Na yule mbuzi mawe mnayemwona juu kwenye majabali alikaa huku chini migombani, jirani yake kabisa, wakiombana chumvi na moto. Baridi ya mwezi wa saba ilipoingia, Nondo akaazima blanketi la sufu la Mbuzi awafunike wanawe.

Watoto wa Nondo mnawajua, jamani! Walilila likabaki matundu. Mbuzi naye alikuwa na mtoto mchanga mwenye kifua kibovu, na blanketi lilikuwa hilo hilo moja. Baridi ikamchukua yule mtoto.

Nondo alilia hadi sauti ikakauka. Akakata isale, lile jani refu tunalopanda mipakani, akalipeleka msibani. Mila yetu mnaijua: aliyeletewa isale hulishika, halafu hutamka mbele ya watu kwamba amesamehe. Hapo neno limekwisha. Asipotamka, mkosaji hubaki na kosa lake shingoni.

Mbuzi akalipokea. Moyoni alikwisha kusamehe, maana aliona jinsi mwenzake alivyokonda. Lakini mbuzi ni mbuzi, na tangu msiba uingie hakuwa ametia kitu kinywani. Alipofungua kinywa atamke, akajikuta anatafuna. Lo! Isale lote likaenda. Msicheke, nyie, hata waombolezaji hawakucheka. Aibu ikamshika, akatimka kupanda mlima bila kusema neno, na Nondo akabaki amesimama pale, hajui kama amesamehewa au amekataliwa.

Na tangu siku hiyo mbuzi mawe husimama juu ya jabali kwa ncha za kwato, akichungulia huku kwetu. Hupiga mluzi. Ni lile neno analirusha, ila haliwezi kufika chini. Nondo naye huona haya kutoka mchana. Giza likiingia huenda penye mwanga wowote, akidhani ni jiko la Mbuzi aliyerudi nyumbani, akagonga, akauliza.

Ndiyo maana hapa kwetu mwenye taa humjibu kwa niaba ya yule mbuzi wa juu, kisha hupunguza utambi ili aende zake.

Haya, Ndeshi, mwambie amesamehewa. Kwa sauti, mjukuu wangu. Amengoja mno.