Mbogo Aliyeona Haya Kutaja Kupe

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya waliosinzia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo kale, wanyama walipokuwa wakitafuta watu wa kazi kwa mbiu, alikuwapo Mbogo, na mkewe, na ndama wao mmoja tu. Ndama alikuwa taabani. Kupe masikioni, kupe kwapani, wanamnyonya, wanamnyonya. Akijaribu kusimama, anaanguka, pu!

Mkewe akasema, "Baba Ndama, tafuta mtu wa kuwatoa hawa kupe. Mtoto anakwisha."

Mbogo akamwita Hondohondo, ndege mpiga mbiu. "Tangaza hivi: Anatakiwa Msaidizi Mkuu wa Mbogo. Cheo kikubwa. Kivuli kutwa. Chakula tele."

"Na kazi yenyewe, mzee?"

"Wataikuta hapa hapa."

"Kupe nisiwataje?"

"Wee! Pori zima lijue kwangu kuna kupe? Piga mbiu!"

Puuu! Puuu! Asubuhi uwanja ukajaa. Mbuni akaja ametimua manyoya, akauliza cheo chake kinaanza lini. Alipoonyeshwa sikio la ndama akapiga ukelele, akatimka, tifutifu! Kiboko hakuuliza kitu. Alikiona kivuli, akajilaza, khooo, khooo.

Fisi naye akaenda moja kwa moja kwa ndama. Akaketi. Akalamba midomo.

"Chakula tele nimekiona," akasema.

Mama Ndama akamvaa kwa pembe, gu! Fisi akakimbia akilalamika: "Si mmetangaza wenyewe?"

Sasa mama akamgeukia mpiga mbiu. "Hondohondo, rudi juu. Sema ninavyosema, neno usiongeze."

"Mke wangu, utatuaibisha!" Mbogo akalia.

"Aibu yako ndiyo inayommaliza mwanangu. Kaa kimya!"

Puuu! Hondohondo akatangaza: "Anatakiwa mtoa kupe! Kupe wamejaa masikioni, wamejaa chini ya mkia! Mahali pananuka! Mkia utakuchapa! Cheo hakuna! Malipo ni kupe utakayemtoa!"

Uwanja ukacheka, kwa kwa kwa! Halafu ukatawanyika. Kiboko aliamka, akasikia, akaondoka. Akabaki Mbogo ameinamisha kichwa.

Mara, pruu! Ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu akatua mgongoni kwa ndama. Ndiye Shashi.

"Kupe wenyewe wamenona?"

"Wamenona," mama akajibu.

"Na mkia unachapa sana?"

"Unachapa."

"Basi nitakwepa." Akaanza, do! do! do! Akaingia sikioni, akatokea. Akaenda kwapani. Do! do! do!

Mbogo akanung'unika, "Ulikuwa wapi siku zote hizi, bwana mdogo?"

"Juu ya mti ule pale. Mbiu yako niliisikia."

"Mbona hukuja?"

"Ulitaka Msaidizi Mkuu. Mimi ni mla kupe."

Siku ya tatu ndama akasimama, miguu ikamtetemeka, akasimama vivyo hivyo, akafuata ziwa la mama yake.

Wakubwa na wadogo, sikieni. Ukitafuta mtu wa kazi, itaje kazi, na ugumu wake uutaje. Ukiipamba, watakuja wapenda mapambo, na yule unayemhitaji atakaa kimya akidhani humtaki.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeipenda aichukue, asiyeipenda atunge yake.