Mlango Mpya wa Bwana Mahimbo

Aliyemwambia Mwanakombo kwanza alikuwa mke wa mwenye nyumba. Mumewe, Bwana Mahimbo, alirudisha gari nyuma akaukunja mlango wa chuma wa banda la gari, na sasa atasema umekunjwa na mpira wa mtoto wa mpangaji. Mtoto wa Mwanakombo alikuwa bado anatambaa.

Mchana uleule Bwana Mahimbo akapiga hodi.

“Mwanangu, mpira wa mtoto wako umeukunja mlango wangu. Mpya ni laki tisa. Lete pesa, au hamisha vyombo.”

“Kumbe mwanangu ana mguu mzito hivyo!” Mwanakombo alisema, akimfuta mtoto kamasi. “Pesa sina, baba. Nitaleta mlango wenyewe.”

“Uwe imara. Si kama ule.”

“Ule haufai kabisa?”

“Takataka! Haufai hata kufungia kuku.”

“Basi niuondoe, usikuharibie sura ya nyumba.”

“Chukua, ni wako. Kesho asubuhi nione mlango.”

Asubuhi fundi alifunga mlango wa kijani unaong’aa. Bwana Mahimbo akaugonga kwa kiganja, akaufungua, akaufunga.

“Huu ndio mlango! Laki tisa inaonekana.”

“Inaonekana, baba. Niandikie basi kwamba umeupokea.”

Akaandika, akatia sahihi kubwa ya mtu mwenye mali. Mwanakombo akaikunja karatasi, akambeba mwanawe mgongoni, akatoka nje kumlipa fundi elfu ishirini: gharama ya kuunyoosha ule mlango wa kufungia kuku na kuupaka rangi ya kijani.