Mlango wa Mzee Anyelwisye

Sogeeni karibu, kisa hiki kinahitaji vichwa vingi. Pale Tukuyu walikuwapo watu watatu. Ambakisye alikuwa mbishi: akishikilia neno, hakuna wa kumng'oa. Subilaga, fundi umeme, alikuwa mwanamke mwenye jicho la kuona hatari pale wengine wanapoona ukuta tu. Ikupa, mama jirani, alikuwa mwoga kupita kiasi, lakini masikio yake hayakupitwa na kitu.

Mwenye kisa ni Tusekile, dada yake Ambakisye. Alikuwa na mimba ya miezi saba, akimtunza baba yao, Mzee Anyelwisye, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Mara mbili mzee alipotea. Mara ya pili walimkuta katikati ya barabara kuu, malori yakimpigia honi. Tangu siku hiyo Tusekile aliishi kwa hofu. Nyumba ilipoanza kukarabatiwa, akaamua iwekewe mfumo wa kujiendesha: taa ziwake zenyewe mzee akiinuka, na mlango ujifunge kwa kufuli la umeme, usifunguke bila kadi.

Alitaka mfumo usio na waya, wa kubandika tu ukutani. Ambakisye akakataa.

"Dada, mvua ikinyesha hapa mtandao unakufa. Huo mlango utaongea na nani?"

"Kuta ndiyo kwanza zimepigwa lipu, nawe unataka zichimbuliwe?"

"Zichimbuliwe."

Waligombana wiki nzima, hata salamu zikakatika. Tusekile akachoka, akakubali waya.

Subilaga akaja kuchimba kuta na kufunga betri ya akiba. Mchoro ulionyesha kifaa cha kunusa moshi sebuleni tu. Alipoiona stoo ya mkaa nyuma ya jiko, akavuta waya mpaka huko bila kumwuliza mtu. "Moshi ukitokea, king'ora kitalia na mlango utafunguka wenyewe," alisema.

Tusekile alimkaripia vikali. Mlango kujifungua ndicho kitu alichokiogopa kuliko vyote! Subilaga alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mkoba wake. Waya akauacha palepale.

Mama Ikupa naye akaapa kutokanyaga humo. "Taa zinawaka bila mkono wa mtu! Mwanangu, mimi siingii."

Alhamisi moja mchana, Tusekile alimfungia baba yake ndani akaenda kliniki. Sitachelewa, alijiambia. Mvua kubwa ikashuka, umeme ukakatika mji mzima, simu ikakosa mtandao. Akiwa njiani kurudi, akaona moshi juu ya paa lake.

Kadi ilikuwa mkobani mwake.

"Nimemfungia mwenyewe," alisema kwa sauti, peke yake barabarani. "Mungu wangu, nimemfungia mwenyewe."

Alijaribu kukimbia, tumbo likamkaza. Akatembea akishika ua huu, ua ule, king'ora kikilia mbele yake. Aliogopa kuchelewa, na aliogopa kufika.

Alipofika, mlango ulikuwa wazi. Stoo ilikuwa inaungua, jiko nalo limeshika. Baba yake alikuwa ameketi kwenye matope, amefunikwa kitenge, akikohoa. Kando yake Mama Ikupa alitetemeka mwili mzima.

"Nilisikia king'ora, nikauona mlango unajifungua," alisema. "Nikangoja. Hakutoka mtu. Nikaingia, nikamkuta chini ya kitanda."

Mtoto alizaliwa salama. Siku akili zilipomrudia kidogo, mzee alisema mbele ya wote watatu: "Huyu apewe jina la aliyenitoa. Jina moja tu."

"Mfumo ule mwingine ungekuwa unasubiri mtandao mpaka leo," Ambakisye alisema.

"Na waya wako ungejuaje kama stoo inaungua?" Subilaga akamjibu.

Mama Ikupa aliinamisha kichwa. "Mlango ulikuwa wazi," alisema polepole, "na baba yenu alikuwa bado ndani."

Tusekile alimkumbatia mtoto. Mmoja aligombana naye, mmoja alimkaidi, mmoja alingoja nje moshi ukizidi. Wote watatu walikuwa wakimtazama, wakingoja ataje jina.

Basi nyinyi mliosikia, msiniachie mzigo huu peke yangu. Ungekuwa wewe ndiye Tusekile, mtoto ungemwita nani?