Jani Midomoni mwa Nakiete

Sogeeni huku. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, nisije nikasimulia muwa badala ya kisa.

Kale, wajukuu zangu, kale ile ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshapita, milima hii ya Upare ilikuwa na sheria mbili za njiani. Ya kwanza: ukungu wa kipupwe ukishuka, kila anayetembea akiitwa sharti aitike. Anayenyamaza ni mwizi wa ng'ombe kutoka nyikani, na mwizi alipigwa mshale. Ya pili: aliyemkosea mwenzake akitaka kuomba radhi, huchuma jani la sale, hili hili la mmea mnaouona pale mpakani mwa shamba, akalibana midomoni, akaenda peke yake, asiseme neno mpaka amempa mkononi yule aliyemkosea. Akisema njiani, jani limekufa. Atarudi nyumbani akangoje mavuno mengine.

Sheria nzuri zote mbili. Hakuna aliyewahi kuzikutanisha, maana watu waliombana radhi baada ya mavuno, jua likiwaka na pombe ikiwepo. Mwenye akili hakutoka na jani wakati wa kipupwe.

Nakiete alitoka.

Huyu Nakiete alikuwa mjane, akikaa huku chini ya milima, na alikuwa na mdomo. Mnawajua wenye mdomo. Mmoja yuko hapa anacheka. Siku ya kumzika mama yao alimwona mdogo wake, Kajiru, macho mekundu, akamwambia mbele ya watu wote, "Umekuja kumzika mama na pombe tumboni!" Kajiru hakuwa amelewa. Alikuwa amelia njia nzima. Akaokota upinde wake, akapanda kwake kule juu, asikanyage tena kwa dada yake.

Sasa Namkunda, binti wa Nakiete, akaposwa. Harusi ikapangwa mwezi ukiandama. Na kwa watu wale, bibi harusi hakutoka nyumbani mpaka mjomba amnyunyizie pombe kichwani kutoka kinywani mwake. Pasipo mjomba hapana harusi. Na mjomba alikuwa mmoja tu.

"Mama, ngoja ukungu upungue," Namkunda akasema.

"Ukungu utapungua, na posa itarudishwa. Nipishe."

"Na wakikuita njiani?"

Jani lilikuwa limeshabanwa midomoni mwa Nakiete.

Akapanda. Ukungu mbele, ukungu nyuma. Akapanda. Majani ya migomba ya mwisho yakapotea, akabaki na njia anayoiona mpaka vidole vya miguu tu. Baridi ile, wajukuu, inaingia kwenye magoti na kukaa humo. Akapanda tena. Akasikia mbuzi akikohoa, hakumwona. Akasikia maji, hakuyaona. Hakuwa na wa kusema naye, na kwa Nakiete hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko baridi.

Karibu na juu, sauti ikatoka katikati ya weupe ule.

"Nani huyo?"

Nakiete akasimama. Aliijua sauti. Ilikuwa ya Kajiru, akilinda mifugo ya kijiji chake.

"Nakuuliza, nani huyo? Itika!"

Nakiete akalibana jani kwa nguvu zaidi.

Ninyi mngefanyaje? Akiitika, jani limekufa, harusi imekufa. Akinyamaza, amekufa yeye. Usijibu wewe, tafuna muwa.

Akasikia uzi wa upinde ukivutwa. Hapo midomo ikafunguka yenyewe.

"Kajiru! Ni mimi, mlevi wewe, unataka kumuua dada yako?"

Jani likaanguka. Ndiyo, alirudia tusi lile lile. Watu hawabadiliki kwa sababu ya kupanda mlima.

Upinde ukashushwa. Hakuna aliyemwona mwenzake.

"Dada. Umefuata nini huku?"

"Nilikuwa nimebeba jani."

"Umesema. Unajua kwamba umesema."

"Najua."

"Basi ngoja mavuno."

"Namkunda anaolewa mwezi ukiandama," akasema. "Macho yako siku ile yalikuwa ya kilio. Niliambiwa baadaye, nikaona aibu kuja. Haya, narudi."

Akageuka. Kajiru akasikia nyayo zikishuka, na akasikia zinashukia upande usio wa njia.

"Simama! Huko ni kwenye genge, utaporomoka!"

Nakiete akasimama. Alikuwa analia, nasema wazi, na ukungu ulimfaa kwa hilo. Kisha akasikia kitu kingine: mtu anapapasa kwenye nyasi zilizolowa. Anapapasa, anahema. Anapapasa tena.

"Kajiru, unatafuta nini?"

"Nyamaza, umeshasema ya kutosha leo."

Akapapasa mpaka mkono ukalipata.

"Ninalo," Kajiru akasema. "Jani liko mkononi mwangu."

Wazee wa kule juu walikasirika. Wakamwita, wakamuuliza, "Dada yako alikupa jani?"

"Hakunipa. Nimeliokota."

"Jani la kuokotwa si radhi."

"Nimepiga magoti kwenye umande kulitafuta," Kajiru akawaambia. "Kama hiyo si radhi, nionyesheni yenu." Wazee wakalikubali jani lile. Tangu hapo jani la sale hushikwa mkononi, na midomo huachwa wazi kuitika.

Mwezi ukaandama. Kajiru akashuka na kibuyu cha pombe. Akapiga funda, akamnyunyizia Namkunda kichwani. Kisha akapiga funda jingine, hili la kwake mwenyewe, refu. Wote wakamgeukia Nakiete. Mdomo ukaanza kufunguka.

Akaubana. Namkunda alisema mpaka uzee wake kwamba mama alisimama pale midomo imebanwa vilevile, kana kwamba bado amebeba jani.

Basi wanangu, aliyekosa hutembea njia nzima. Aliyekosewa amebakiziwa kuinama tu, na wengi huona kuinama ni kugumu zaidi. Kisa changu nimekishusha mlimani, nimekitua hapa miguuni penu. Anayekitaka ainame akiokote.