Bilula ya Kamenu

Ungewauliza wanywaji wa Thika wa miaka ile ni nani aliyepata kazi ya starehe, wangekuonyesha Zacharia wa kilabu. Kazi yake ilikuwa kuuza bia ya pipa katika kilabu cha baraza la mji, pale Kamenu, na mwenye kiu hamwonei huruma mtu wa namna hiyo, humwonea wivu. Walimwona amesimama kivulini nyuma ya kaunta, mkono kwenye bilula ya pipa, ilhali wao wametoka kuchomwa na jua la mashamba ya kahawa au joto la viwanda. Hawakujua kwamba mtu huyo alikuwa hapati usingizi kwa sababu ya povu.

Bia yenyewe ilipikwa na Mzungu mmoja kule Ruiru, ikajazwa katika mapipa na kuletwa kwa lori. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na dereva hakuwa mtu wa kupunguza mwendo. Mapipa yalifika yametikiswa na kupigwa na jua mpaka yamekasirika. Zacharia alipofungua bilula, povu lilitangulia, povu likafuata, na bia ikaja mwisho kama bibi arusi. Mteja alipuliza povu, akachungulia, akaona kikombe chake hakijafika nusu. "Nijazie," alisema. Zacharia akajaza, povu likapanda tena, na foleni ikaanza kunung'unika.

Hilo peke yake lingevumilika. Lakini ulikuwa mwaka wa 1957, wakati wa Hali ya Hatari, na mji wa Thika ulikuwa na kidonda kibichi. Wakikuyu wengi walikuwa wamekamatwa na kupelekwa vizuizini, na nafasi zao viwandani zikajazwa na watu kutoka magharibi mwa Kenya. Wageni hao walipewa zamu inayoisha mapema, kwa hiyo ndio waliofika kilabuni pipa likiwa limefunguliwa punde tu, lina ghadhabu yake yote. Wenyeji walirudi kutoka mashambani jioni, wakati pipa limekwisha kutulia. Basi wageni wakapata povu, wenyeji wakapata bia, na hakuna aliyeketi kutafuta sababu.

"Huyu Mkikuyu anawapa ndugu zake bia, sisi anatupa sabuni," wageni walisema, na neno hilo likaenea mji mzima.

Jumamosi moja neno likazaa ngumi. Nicanor, pande la mtu lililofanya kazi katika kiwanda cha ngozi, alijaziwa povu mara tatu mfululizo, akalimwaga usoni mwa Zacharia. Kagwe, rafiki ya Zacharia tangu utotoni, aliruka juu ya benchi kumtetea. Waliobaki hawakuuliza chanzo; kila mmoja alimshika aliye karibu. Askari walipofika, madirisha mawili yalikuwa yamevunjika na mtu mmoja anatafuta jino lake sakafuni.

Jumatatu msimamizi wa kilabu, Mzungu mrefu mwenye sauti ndogo, alikuja kusimama mbele ya kaunta.

"Zacharia," alisema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha, "mimi nasema mara moja tu. Mwisho ya mwezi watu napata mshahara, wote nakuja hapa. Kama fujo nyingine, kilabu nafunga na kibali yako nachukua. Wewe narudi rizavu."

Mkikuyu asiye na kazi hakuruhusiwa kuishi mjini, na kurudi rizavu, kijijini katika ardhi waliyotengewa Wakikuyu, kulimaanisha jambo moja tu kichwani mwa Zacharia: Wamboi. Baada ya binti yao Ngendo, mkewe alikuwa amepoteza watoto wawili kijijini, mbali na daktari, na mara ya pili nusura aondoke yeye pia. Sasa alikuwa na mimba ya miezi sita. Daktari wa hospitali ya Thika alikuwa amemwambia waziwazi kwamba huyu lazima azaliwe hospitalini, la sivyo mama na mtoto watapotea. Kilabu kikifungwa, Wamboi angejifungulia kijijini.

Mtu aliyeshikwa na hofu hufunga, hafungui. Zacharia aliamini kwamba bia inatoka na povu kwa sababu njia ni pana mno. Akaomba pasi ya kusafiri, akaenda Ruiru kwa Muasya, fundi Mkamba aliyekuwa na karakana karibu na stesheni ya reli.

"Nipunguzie mdomo wa bilula hii, fundi. Uwe mdogo kabisa."

Muasya alipunguza kama alivyoambiwa. Zacharia akarudi nayo moyo mkunjufu, akaifunga kwenye pipa, akafungua. Bia ilifoka kwa kishindo kupitia kile kitundu, ikapiga kikombe, na yote, tone kwa tone, ikageuka povu. Hata ile nusu kikombe ya zamani haikuonekana. Alikaa juu ya kreti, akaitazama bilula ile kwa chuki.

Siku hiyo aliing'oa kwenye pipa na kwenda nayo nyumbani. Nyumba yao ya baraza ilikuwa na vyumba viwili. Cha pili kilikuwa cha Gathogo, mdogo wake, ambaye alikuwa kizuizini mwaka wa tatu sasa. Baraza lilikuwa limemweka humo kijana wa Kibukusu kutoka magharibi aitwaye Dalmas, mfanyakazi wa zamu ya usiku katika kiwanda cha mananasi. Hakukuwa na ubaya wowote ambao Dalmas alikuwa ameutenda. Alifagia ua bila kuombwa, alimchekesha Ngendo. Hata hivyo, kila Zacharia alipouona mlango ule ukifunguliwa na akatoka mtu asiyekuwa ndugu yake, alisikia uchungu, na salamu yake ikaishia kwenye kidevu.

Dalmas alimkuta uani, ameishika bilula kama mgonjwa aliyekataa dawa. Wamboi alikuwa karibu akichambua maharagwe.

"Baba Ngendo, imekusumbua sana hiyo," alisema Dalmas.

"Ni mambo ya kazi."

"Atiriri!" Wamboi aliinua kichwa. "Mficha uchi hazai. Mwambie mtu shida yako, baba Ngendo. Au unangoja mwisho wa mwezi umwambie?"

Zacharia alieleza kwa maneno machache, akitazama kando. Dalmas alisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani na kurudi na mrija mrefu kuliko yeye mwenyewe, mweusi kwa kuzeeka.

"Huu ni wa babu yangu. Kwetu wazee wanazunguka chungu cha busaa, kila mtu na mrija wake. Chungu kinachemka, juu povu limejaa mpaka linamwagika. Lakini mdomoni? Inafika pombe tu, hakuna povu. Unajua kwa nini? Mrija umeingia mpaka chini, tena njia ni ndefu. Pombe inachoka njiani. Yako, baba Ngendo, inatoka kwa mlango mdogo na hasira yake yote. Lazima ipigane."

"Hapa si kwenu," alisema Zacharia. "Hii ni bia ya Wazungu."

Wamboi aliweka ungo chini.

"Na tumbo hili ni la Wazungu pia? Jaribu!"

Siku iliyofuata, kabla ya saa za kufungua, Zacharia alivalisha bilula ya zamani iliyokuwa stoo mpira mrefu wa maji, akauzungusha na kuuteremsha mpaka sakafu ya kikombe. Dalmas, aliyetoka kazini bila kulala, alishika kikombe. Bia ilipanda taratibu kutoka chini, na povu lililokuja nayo halikuzidi upana wa kidole. Wote wawili walicheka kwa sauti. Zacharia alikumbuka baadaye kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza kucheka na mtu huyo.

Furaha haikudumu. Mpira ule ulifaa pipa lile tu. Lori lilipoleta jingine, lililochomwa na jua kutwa nzima, povu lilirudi. Na pipa lililotulia nalo lilipitisha bia polepole mno, haina povu hata kidogo, wateja wakasema imelala. Kila pipa lilikuja na tabia yake, na njia ya kulituliza ilikuwa moja. Siku ya mshahara ilikuwa inakaribia, na Wamboi, bila kusema neno, alikuwa ameanza kufunga vyombo.

Ufumbuzi wa sehemu iliyobaki ulitoka jikoni mwao. Wamboi alikuwa akimmiminia Ngendo uji uliochacha kutoka kwenye kibuyu, kile kilichozibwa kwa gunzi la hindi kama vibuyu vyote vya Kikuyu. Hakulitoa gunzi lote. Alilivuta kidogo, na uji ukateleza kulizunguka, ukashuka kimya bila kutoa povu. Kikombe kilipokaribia kujaa, alilisukuma ndani, na mtiririko ukapungua.

"Mama Ngendo, hebu rudia," alisema Zacharia.

"Nirudie nini?"

"Hilo gunzi. Livute tena. Sasa lirudishe."

Gunzi ni jembamba mbele na nene nyuma. Ukilisukuma, njia inabana kwa urefu wake wote, si mahali pamoja tu. Ukilivuta, njia inapanuka. Zacharia aliyaona hayo yote katika kibuyu alichokunywea tangu alipoachishwa ziwa, akaenda kugonga mlango wa chumba cha pili. Hakuwa amewahi kuugonga tangu Gathogo achukuliwe.

"Dalmas! Njia yako ndefu tuitie gunzi ndani. Gunzi la chuma, lisogezwe kwa skrubu. Pipa kali, tunabana. Pipa pole, tunalegeza."

Dalmas alitoka akijifuta usingizi machoni. Aliwaza kidogo, kisha akapiga makofi.

Kulikuwa na tatizo moja. Zacharia hangeweza kwenda Ruiru. Ofisini walimwambia pasi nyingine ni ya wiki ijayo, na wiki ijayo mshahara ungekuwa umelipwa, umelewewa na kupiganiwa. Lakini Dalmas hakuwa Mkikuyu. Yeye hakuhitaji pasi ya mtu. Alipotoka zamu asubuhi hakuingia kitandani. Alifunga ile bilula, gunzi na mrija wa babu yake katika kitambaa, akaazima baiskeli, akaikanyaga kupitia Witeithie na Juja mpaka Ruiru.

Baadaye alisimulia kwamba Muasya alicheka alipoona vitu vile. "Nimeletewa mashine mbovu nyingi, lakini sijaletewa hindi," alisema fundi. Kisha akaligeuzageuza gunzi mkononi, akaacha kucheka, akawasha moto. Mrija ulikatwa kipande ili kupimia urefu wa koo la bilula. Dalmas mwenyewe ndiye aliyemwambia akate. Zacharia aliposikia hivyo alimpa mkono wa shukrani, maana alijua ni nani aliyekuwa mwenye mrija ule.

Siku ya mshahara ilifika. Lori nalo lilifika, na dereva alikuwa amekimbia kuliko kawaida ili awahi mshahara wake. Mapipa yalikuwa ya moto. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Nicanor, na nyuma yake kilabu kilijaa wenzake. Msimamizi alisimama mlangoni na askari wawili.

Zacharia alifungua bilula iliyotoka kwa Muasya, yenye gunzi la chuma ndani. Povu lilijaa kikombe.

"Mmeona?" Nicanor aligeuka kuwatazama wenzake. "Sabuni ileile!"

Mabenchi yalianza kusukumwa. Zacharia alifunga bilula, lakini hakungoja povu litulie kama alivyozoea. Alishika skrubu, akaikaza mizunguko miwili, akatwaa kikombe kingine na kukiinua mpaka ule mdomo mrefu ukagusa chini. Akafungua. Bia ilipanda kimya, ya rangi ya asali, mpaka karibu na ukingo, ikajivika kilemba chembamba cheupe.

Nicanor alipokea. Alipuliza kwa mazoea, akachungulia, akachungulia tena.

"Sasa povu liko wapi?" aliuliza kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Kilabu kizima kiliangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka, akanywa. Wenyeji walipofika jioni, Zacharia alilegeza skrubu, nao wakapata kipimo kilekile. Kwa mara ya kwanza benchi moja lilikaliwa na watu wa pande zote mbili, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kuhama. Msimamizi alikunywa kikombe kimoja akiwa amesimama, akaenda zake. Jumatatu kibali cha Zacharia kiligongwa muhuri wa mwaka mzima.

Wamboi alijifungua miezi miwili baadaye. Uchungu ulikwenda vibaya kama daktari alivyohofia, ikabidi apasuliwe na kuongezewa damu. Mtoto alikuwa mvulana, mzima, mwenye sauti ya kuudhi. Daktari alimwambia Zacharia kwamba laiti mama huyu angekuwa kijijini, wangekuwa wanachimba makaburi mawili. Zacharia alitoka nje ya hospitali, akashika ukuta, akalia bila aibu.

Jioni hiyo alikwenda kazini kwa sababu kazi haingoji. Kagwe aliegemea kaunta, hajasikia habari yoyote, akatazama watu waliojaa kilabuni na kusonya.

"Hawa wageni wamezidi, Zacharia. Mji wetu wenyewe tunakosa pa kukanyaga. Wangerudi kwao tupumue."

Zacharia alimaliza kujaza kikombe, akafunga bilula, akakiweka mbele ya rafiki yake.

"Wamboi amejifungua leo, Kagwe. Yeye na mtoto wako hai, kwa sababu mgeni mmoja aliacha usingizi wake akaenda Ruiru ambako mimi sikuweza kwenda. Mimi nilikuwa nikimsalimu kwa kidevu. Kunywa bia yako, na usiseme tena neno hilo mbele yangu."

Kagwe alitazama kikombe, akamtazama Dalmas aliyekuwa akiingia mlangoni na nguo za kazi, akasogea kando kumpa nafasi kwenye kaunta. Ndivyo ilivyokuwa Kamenu, na ndivyo walivyonena wahenga: mgeni njoo, mwenyeji apone.