Mlango Uliomwita Bi Sikudhani

Niwieni radhi mapema, jamani. Hadithi hii huwa naiharibu. Mara ya mwisho nilianza na mwisho, watu wakapiga makofi wakaenda zao, nikabaki namsimulia mwanzo jamaa aliyekuja kukusanya viti. Leo nitajitahidi. Nikiita, wanaume semeni "Naam", wanawake semeni "Abee". Wenyeji!

Vizuri. Hiyo "Abee" itunzeni, tutaihitaji mbele.

Palikuwa na mafundi watatu huko Kilosa, mtaa wa nyuma ya stesheni. Zaina, fundi redio, kipaji chake sikio. Redio ikikoroma ng'ambo ya barabara, yeye husema, "Hiyo spika imeng'atwa na mende, upande wa kushoto." Lukindo, mhunzi, kipaji chake chuma. Akikiambia kipinde, chuma kinauliza upande gani. Na Mandari, seremala, kipaji chake kiganja. Akikipitisha juu ya ubao, anakuambia nzi alitua wapi.

Alikuwepo na wa nne, aliyejiita fundi wa kila kitu. Kipaji cha huyo tutakitafuta pamoja. Tukikikosa, msishangae.

Sasa Bi Sikudhani. Marehemu mumewe, Mzee Mbaruku, alikuwa seremala, na mlango wa nyumba yao aliufanya kwa mikono yake, kwa mninga ambao haujakauka. Angefanyaje? Harusi ilikuwa Ijumaa, na bibi harusi haingizwi dirishani. Ubao ukakaukia pale pale mlangoni, ukapinda. Tangu hapo kila ulipofunguliwa ulilia. Bawaba zilivuta, "Sikuuu", kisha chini ubao ukakwaruza kizingiti, "dhani". Mtaa mzima ulicheka. Mke aliposema utengenezwe, mume alijibu, "Uache. Nikirudi nimechoka, unanisaidia kukuita." Na kweli, akiwa kule uani, mikono imejaa unga, Bi Sikudhani aliitika, "Abee!" Miaka thelathini na mmoja.

Mzee akafa. Komeo nalo likachoka, mlango ukawa haufungi sawasawa. Kila alasiri upepo wa milimani uliusukuma. "Sikuuu-dhani." Na mama wa watu, peke yake uani, akaitika, "Abee." Mtaani hakuna aliyecheka tena.

Bintiye aliyeko Dodoma akaogopa wezi. Akampigia simu yule fundi wa nne. "Kaka, mama kaenda msibani Mikumi siku mbili. Nitengenezee komeo la mlango."

Komeo! Neno moja, halina hata mkia. Jamaa akatengeneza komeo. Kisha, kwa kuwa ana moyo mwema na kichwa kilichojaa maranda, akaongeza kazi ya bure. Akang'oa bawaba za zamani, akampa muuza vyuma chakavu. Akafunga mpya. Akapiga randa ubao kwa chini hadi ukapita juu ya kizingiti kama paka. Akamalizia na mafuta ya cherehani, akasimama kando kungoja sifa.

Bi Sikudhani akarudi. Akasukuma mlango. Kimya. Akaurudisha, akausukuma tena, polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Shikamoo, mama! Umeonaje? Haupigi kelele tena!"

"Marahaba. Haukuwa ukipiga kelele, mwanangu. Ulikuwa ukiniita."

Kuanzia siku hiyo alasiri ilimkuta uani, ungo mapajani, mchele haujachambuliwa, shingo kaielekeza mlangoni. Siku ya nane akampigia bintiye. "Njoo unichukue Jumamosi. Nyumba isiyoniita naikalia ya nini?"

Habari zikawafikia mafundi. Jumatano wakaja wote watatu.

Zaina aliketi kizingitini, akafumba macho. Sauti ile aliwahi kuisikia mara moja tu, siku alipoleta redio. Akaifungua kipande kwa kipande. "'Siku' ni chuma. Inaanza chini, inapanda. 'Dhani' ni mti. Fupi, kama mtu anayekohoa kwa adabu." Bila sikio lile, wangetafuta sauti gani?

Lukindo hakuzipata bawaba za zamani, zilishakwenda kuyeyushwa. Akafua nyingine. Pini akaipinda kiasi cha unywele, akaisugua kwa majivu, akailaza kwenye maji ya chumvi siku mbili ishike kutu. "Maisha yangu yote nafukuza kutu," akalalamika, "leo naibembeleza." Ijumaa akazifunga. Mlango ukasema, "Sikuuu..." Ukaishia hapo. Lakini bila chuma kile, ungekuwa bubu.

Mandari akahitaji mninga wa gogo lile lile. Akauona kwenye rafu ya jikoni, ambayo Mzee aliitengeneza kwa mabaki ya mlango. "Mama, naomba kipande."

"Chukua yote. Vyombo nimeshafunga."

Akakata ukanda mwembamba, akaugundisha chini ya mlango, akausukuma. "Sikuuu-jua!"

"Sikujua ni mke wa yule jirani mpiga tarumbeta," Zaina akasema. "Punguza, tusije tukavunja ndoa ya watu."

Akapunguza kwa msasa. "Bado," Zaina akasema. Akapunguza tena, kiganja kikipima. "Bado." Mwisho Zaina akaitikia kwa kichwa. Bila kiganja kile, jina lingekosa mkia.

Wakaondoa mikono yao. Komeo wakaliacha wazi. Alasiri ikafika, upepo ukaja wenyewe.

"Sikuuu-dhani."

Kule uani ungo ukaanguka. "Abee!" Kisha, kwa sauti ya chini, "Abee, mume wangu. Nipo."

Jumamosi binti alikuja, akarudi Dodoma peke yake.

Bi Sikudhani akatoa randa ya marehemu, ambayo kishikio chake kimelika kwa umbo la kiganja cha Mzee Mbaruku. "Hii hakumwazima mtu hata siku moja. Ni ya aliyenirudishia sauti." Randa moja, mafundi watatu.

"Bila sikio langu," Zaina akasema, "mngekuwa bado mnamwita mke wa tarumbeta."

"Sikio!" Lukindo akacheka. "Hebu nilitundike kwenye fremu, tuone kama litashika mlango!"

"Wenzangu mliishia 'Siku'," Mandari akasema. "Siku gani? Jumatatu? Aliyemaliza jina ni mimi."

Bi Sikudhani akainua mkono. "Nyamazeni, mnanizuia kusikiliza. Randa ataibeba yule aliyeutia mlango wangu ububu. Azunguke nayo, awaulize watu, mpaka apate wa kumpa."

Je, wewe ungeamua vipi? Sikio, chuma, au kiganja?

Msiniangalie hivyo. Ndiyo, kilichomo ndani ya mfuko huu ni randa. Naibeba tangu mwaka juzi, na kila mji unanipa jibu lake. Kipaji changu ndicho hicho mlichokisikia, kazi ya bure. Hata mlango wenu huu nimeusikia ukilia nilipoingia, na kopo la mafuta ninalo. Ila siku hizi nauliza kwanza. Unamwita nani?