Dawa ya Mundhir na Shayiri ya Jirani

Wamesimulia watu wa kale, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, ya kuwa katika milima ya Yemen, kwenye kijiji cha makonde yaliyopangika kama ngazi, aliishi mja aitwaye Mundhir bin Habib. Ujana wake aliumaliza katika alkemia, akitaka kugeuza risasi kuwa dhahabu. Alipotimiza miaka arubaini Mola alimwongoa, akaiambia nafsi yake: "Dhahabu hailiki." Tangu hapo akaielekeza elimu yake kwenye mimea. Alichemsha chumvi ya shura, jivu na samadi ya njiwa, akachuja na kuchuja tena, akitafuta maji ya kukuza mbegu upesi ili watu wasife mwaka wa njaa.

Majaribio ya mwanzo yalimpa moyo. Matone machache chunguni, na kunde zikapanda shubiri mbili kwa juma moja. Hapo subira ikamtoka. Akapika mtungi mzima wa dawa kali, na siku ya zamu yake ya maji akaumimina katika konde lake ambalo lilikuwa bado halijapandwa. Alisahau kwamba maji yake hushukia konde la chini, nalo lilikuwa la Bi Rayhana, mjane mcha Mungu aliyelea wajukuu wanne kwa shayiri yake.

Siku ya tatu shayiri ile ikaanza kugeuka manjano. Watu wakanong'ona kuwa ni kijicho cha Dhiyab, mfinyanzi mgeni, kwa kuwa alisikika akilisifu konde bila kusema mashallah. Mjane akashauriwa asilitie maji konde lenye husuda mpaka mgeni aondoke, na ikaazimiwa kwamba baada ya sala ya Ijumaa Dhiyab aambiwe afungashe vyake.

Mundhir alikwenda kondeni kwa mjane peke yake, akachukua chembe ya udongo akaionja. Ulimi ukamjulisha: ilikuwa chumvi yake mwenyewe. Nafsi ikamnong'oneza, "Hakuna aliyekuona ila Mola wako." Neno hilo lilikuja kumliwaza, lakini ndilo lililomnyima chakula siku mbili.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini na kukusanyika kando ya konde, Dhiyab akiwa kasimama katikati yao ameinamisha kichwa, Mundhir alijipenyeza hadi mbele ya mjane.

"Mama," alisema. "Ndugu yetu huyu hana kosa. Shayiri yako nimeiua mimi kwa dawa yangu. Nilijua tangu juzi, nikanyamaza. Konde langu lichukue, na lolote utakalohukumu nimeridhia."

Bi Rayhana akainama, akaigusa shayiri yake.

"Ndani ya dawa hiyo mna nini, mwanangu?"

"Chumvi, mama. Chumvi nyingi."

"Na chumvi huondolewa na nini?"

Mundhir akainua uso. "Maji matamu. Yawe mengi, na kabla mizizi haijafa."

"Basi tunangoja nini?"

Mundhir akatoa zamu zake zote za maji, na majirani, kwa kuona haya, wakatoa zao. Dhiyab ndiye aliyetangulia kushika jembe na kuchimba mfereji wa kuyatoa maji ya chumvi. Siku tatu walilisuuza konde lile. Ya nne, penye mashina yaliyonyauka pakachomoza machipukizi ya kijani. Mundhir akasujudu palepale kwenye tope, akalia kwa faraja, kisha akaomba mkate.

Mavuno yalipungua mwaka ule, naye akayajazia kutoka ghala lake. Alipomwomba mjane radhi kwa mara nyingine, Bi Rayhana alimjibu: "Shayiri ningeilima tena mwakani. Lakini mimi nilikuwa nikimdhania Dhiyab ubaya, na lau angefukuzwa, dhuluma ile ningeiosha kwa maji ya mto gani?"

Enyi waumini, tazameni: siku alizonyamaza Mundhir ndizo siku ambazo konde lilikosa maji ya kuliponya. Mola atupe ndimi zisizochelewa kukiri, na majirani wanaouliza dawa kabla ya kuuliza adhabu. Amin.